Nagombana na Mke Wangu Ili Niimbe Vizuri

Mpendwa mshauri Bi Argia,

Naomba msaada, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni mtu mzima, nauza vigae hapa Ferrara, nina mke anaitwa Nives ambaye nampenda, na kila Alhamisi naimba besi katika kikundi chetu cha watu watano, tunaizunguka meza ya Bi Ottavia, mwalimu wa muziki aliyestaafu ambaye ndiye kiongozi wetu, kila mtu na karatasi ya sauti yake tu, tunaimba madrigali, zile nyimbo za mababu zetu ambamo mtu kaachwa na mpenzi na kila mstari anakufa, anafufuka kidogo, anahema, anakufa tena. Shida yangu ilikuwa kwamba mimi kufa sijui. Wenzangu wakifika penye neno "nakufa" hata paka wa Bi Ottavia anatoka chumbani, lakini mimi Bi Ottavia aliniambia mbele ya watu, "Ademaro, wewe unakufa kama mtu anayesoma bei za vigae," wakacheka wote, na aliyecheka zaidi ni soprano wetu, ambaye ni daktari wa meno na adabu hana.

Basi Alhamisi moja kabla sijatoka tukakosana na Nives kwa ajili ya dirisha lililoachwa wazi, ugomvi wa kweli, nikapanda baiskeli na huzuni yangu, nikafika nikaimba, Bi Ottavia akavua miwani akauliza, "Huyu ni nani?" Tangu hapo shetani akaniingia, Bi Argia, maana Alhamisi iliyofuata nilimwambia Nives kuwa cappellacci zake, zile tambi anazozijaza maboga, zina sukari kama keki, uongo mtupu, nilikuwa nazitukana huku naongeza sahani, na iliyofuata nikamsema vibaya mama yake, akaniuliza, "We mwanaume una nini siku hizi? Jumatano mtu, Alhamisi mnyama." Nikamjibu, "Muulize anayeishi na mimi," nikakimbilia baiskeli kabla huzuni haijapoa.

Wiki jana nikaishiwa sababu, nikamwambia kwamba laiti ningejua ningemwoa dada yake. Hakupiga kelele. Aliweka pasi chini akasema, "Haya, kamwoe," akafunga sanduku, akapanda basi kwenda kwa mama yake Comacchio, na mimi jioni ile niliimba mpaka yule daktari wa meno akaniomba leso. Sasa Jumamosi ijayo tuna onyesho pale kikanisani, nyumba yangu iko kimya, nakula mkate mkavu nimesimama, na nilipomweleza Bi Ottavia alinishika mkono akasema, "Pole sana, mwanangu. Ila usimrudishe kabla ya onyesho." Mimi namtaka mke wangu, lakini akirudi nitafurahi, na nikifurahi narudi kwenye bei za vigae. Je, nimfuate sasa, au nivumilie hadi Jumapili?

Besi Mwenye Majonzi, Ferrara

*

Besi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, samahani, mara ya pili nikatafuta mwiko wa kukuchapa. Majonzi umeyapika mwenyewe, ukayapakua mwenyewe, halafu unaniuliza kama uongeze chumvi.

Mimi nami nimezeeka na nyimbo hizo, kwa hiyo usinidanganye kwa jina la sanaa. Sauti mbili zinagongana hadi sikio linauma, kisha zinapatana, na watu hulia pale zinapopatana. Wewe umechukua kugongana tu, kupatana umekuacha Comacchio. Na hao mababu unaowataja walikuwa wakiimba wameshashiba, wanakufa vizuri kabisa, wakimaliza wanaomba jibini. Sijasikia hata mmoja aliyefukuza mke ili apate pumzi. Kama unataka kujua kufa, soma maneno polepole kana kwamba unamweleza mtu aliye mbele yako, na penye kituo nyamaza kweli, acha kuhesabu vigae kichwani. Bi Ottavia angekufundisha hayo badala ya kukushika mkono. Muziki anaujua, lakini ndoa yako si sehemu ya mazoezi yake, na hilo umwambie.

Sasa nakuja kwenye la dada mtu, maana hapo sicheki. Maneno ya chakula husahaulika. Lakini Nives hivi sasa amekaa jikoni kwa mama yake anajiuliza ulianza lini kumtamani ndugu yake, anazipitia Krismasi zote mlizokula pamoja, nani alikaa karibu na nani. Yeye hajui kwamba yale yalikuwa mazoezi ya besi. Anaamini. Unaniandikia kuhusu sauti yako na mwenzako anaumia kweli.

Kwa hiyo hakuna cha Jumapili. Panda basi la kesho asubuhi. Usiende na uso wa msiba, huo ameshauchoka. Mwambie ukweli mzima, na aibu yake yote: kwamba ulimtukana ili uimbe vizuri. Huenda akacheka, huenda akakurushia kitu, na mama mkwe naye umpe nafasi yake, amestahili. Wewe kaa hapo hapo mpaka wamalize.

Maana ukisubiri onyesho lipite, utakuwa umemwambia kwamba wimbo ni wa kwanza na yeye ni wa pili, na hilo halitakuwa uongo wa Alhamisi tena. Akikubali kurudi, mlete Jumamosi umkalishe kiti cha mbele, kisha imba vibaya, mwanangu. Nitakuwepo, na nitapiga makofi.

Bi Argia