Mkono wa Kijiti Mkekani

3 Machi

Nyundo kachukuliwa timu ya taifa! Binti yangu, niliyemzaa mwenyewe!

Haya, mdogo wangu, hujambo? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila koo langu limekauka kwa vigelegele.

Fainali ya judo kakutana na nani? Binti yako Kijiti! Kamwangusha chali, kamlalia kifuani, kakumbatia kichwa na mkono pamoja, kabana. Unakumbuka walivyokuwa wakifanya mazoezi sebuleni kwangu, Kijiti akijifanya kasalimu amri, akiachiwa tu anageuka? Ndipo nikaweka sheria: Nyundo haachii mpaka mama aseme basi. Basi ukumbi mzima umesimama, yeye ananitazama mimi tu! Wako katulia tuli kama mtoto aliyeshiba maziwa. Mwambie ale.

Dadako, Mama Bingwa

11 Machi

Shikamoo dada. Hongera kwa Nyundo. Huku si kwema. Kijiti kavunjika ubavu, akikohoa analia.

Hakutulia, dada. Alizimia. Kabla ya hapo aliupiga mkeka kwa kiganja, kuonyesha kashindwa. Mwamuzi alikuwa upande wa pili, hakuona. Kiganja kilikuwa kinapiga mbele ya viatu vyako.

Sasa mwalimu wake wa judo kamfukuza. Anasema msichana asiyekubali kusalimu amri atakuja kumfia mikononi. Na mtoto hana kingine anachokitaka duniani. Neno moja tu, dada. Mwambie mwalimu uliona.

Mdogo wako

19 Machi

Marahaba, kipenzi. Pole na ubavu, mifupa ya watoto huunga upesi.

Kama niliona au sikuona, macho ni yangu. Nikisema wako alisalimu amri, si nitaulizwa kwa nini wangu hakuachia? Unataka avuliwe sare ya taifa hata hajaivaa? Ungekuwa na bingwa ungenielewa. Kijiti ashone nguo, vidole anavyo.

Usininunie bwana. Tunamuaga Nyundo, nimeshakodi viti na mpiga picha. Watu wanataka waone kwa macho yao alivyobana, nami nimeshawaahidi. Wa kulaliwa awe nani kama si ndugu yake? Alalie ule ubavu mzima, hataumia. Ukoo wote unakuja, usiniaibishe. Ni Jumapili, tarehe ishirini na nne, saa nane mchana.

Dadako, Mama Bingwa