Mizigo Kwanza, Watu Baadaye

Alhamisi, 5 Julai 1956

Tumefika Iringa. Baridi kali. Mgongo hauna maana tena.

Mizigo kwanza, watu baadaye – ndiyo sheria ya lori letu, maana abiria hukaa juu ya magunia. Kupakia ni kazi yangu. Lori ni refu, halina ngazi, kwa hiyo wanawake hunyanyuliwa. Hapo dereva Liberatus hushuka mwenyewe! Kwa wanaume hashuki. Huniambia, magunia ni yako, wanawake ni wangu.

Leo Chimala alipanda Marta, yule mama wa mchele. Liberatus alimshika pasipostahili, tena bila haraka. Marta akapiga kelele. Watu juu wakacheka. Liberatus akasema ni utani tu, mama, mbona mkali? Marta akajibu kwamba mtani wake humtania kwa mdomo, si kwa mikono. Wakacheka tena – sijui safari hii walimcheka nani.

Angeshuka. Lakini mchele wake ulikuwa tayari chini kabisa, umelaliwa na magunia ya wengine. Niliupakia mimi.

Ijumaa, 6 Julai

Marta alikuja dukani kwa tajiri wetu, Bwana Abbas, kushtaki. Nilikuwa napanga madebe ya mafuta ya taa, nikasikia yote. Bwana Abbas hakukasirika. Alisema Liberatus hajawahi kupindua gari, dereva kama huyo hapatikani. Mwanamke asiyetaka kushikwa asafiri na mumewe. Marta akasema, mume wangu amekufa, ndiyo maana nauza mchele. Bwana Abbas akaendelea kumpimia mtu sukari.

Kisha akanigeukia: wewe Jailos, uliona? Nikasema nilikuwa nafunga turubai. Uongo! Nilisimama pale pale. Marta aliniangalia tu, akatoka.

Nikifukuzwa hapa, Songea nitarudi na nini? Nimejiuliza hivyo mara nyingi leo. Haisaidii.

Jumatatu, 9 Julai

Nimeokota sanduku la majani ya chai, nikaligongomea ubao juu. Asubuhi nikaliweka nyuma ya lori. Wanawake wakapanda wenyewe! Bibi mmoja akaniombea heri. Liberatus akasimama, mikono mfukoni.

Tulipofika Makambako alilivunja kwa teke, akawasha moto. Akasema, asante fundi, umetuletea kuni. Baridi ilikuwa mbaya. Nami niliuota ule moto.

Alhamisi, 12 Julai

Naandika kando ya barabara, Chimala.

Marta alikuwa anangoja na magunia yake mawili. Nilipoinama kubeba la kwanza akanizuia. Kaka Jailos, usiyaguse. Nipande mimi kwanza, nikanyage mgongo wako. Mchele ukishakuwa juu, mimi sina la kusema tena, si unaona? Wiki nzima aliwaza hilo tu. Nikamwambia dereva atakataa. Akauliza, unaogopa? Nikasema ndiyo.

Liberatus akashuka. Pakia! Sikupakia. Akauliza, Mngoni, umeshaoa huku? Watu wakacheka. Nikainama, mikono chini kwenye vumbi. Marta akaweka mguu mmoja mgongoni mwangu – na Liberatus akamvuta kanga kwa nyuma, Marta akaanguka. Nikasimama. Sikumpiga. Nilisimama tu katikati yao. Juu ya lori hakuna aliyecheka tena, wala hakuna aliyeshuka.

Liberatus akanitemea mate, akapanda, akatia gia. Blanketi langu limekwenda nalo. Na kazi.

Sasa tupo wawili na magunia mawili. Marta amejifuta goti, lina damu kidogo. Hajasema asante. Ameniuliza tu, siku ile dukani kwa nini ulisema hukuona? Upepo unauma.

Vumbi linaonekana upande wa Mbeya – lori jingine. Nimeshika gunia nilisogeze barabarani. Marta amesema liache chini. Kwanza tumwone dereva.