Mkono wa Kulia wa Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii naisoma kwa sauti mbele ya familia za wazee wa Barking na Tottenham, hapa London, waliokubali kunisikiliza jioni hii. Uniwie radhi kwa kuyatoa nje mambo yetu. Sikuona namna nyingine ya kuwaonya.

Unakumbuka wiki zako za kwanza katika makao ya wazee ya Barking, yalipokuwa bado chini ya halmashauri? Kiharusi kilikuwa kimeulaza mkono wako wa kulia. Wakakuwekea kijiko kushoto, nawe ukakitazama tu. "Huu ni wa msalani, mwanangu," uliniambia. "Siutii kwenye chakula." Wanjiru, mhudumu kutoka Nakuru, hakuhitaji kuelezwa. Alivuta kiti, akakulisha tonge kwa tonge.

"Mama, ukimaliza sahani nitakupa umbea wa kanisani kwetu."

"Anza na umbea. Wali utafuata."

Nilikuwa nikitoka kazini Tottenham, ambako nawahudumia wazee wa watu wengine, nawakuta mnacheka.

Kisha halmashauri ikatangaza zabuni ya kuendesha makao yenu. Kampuni zikashindana, ikashinda iliyoahidi kufanya kazi ile ile kwa wahudumu wachache zaidi. Kuta zikapakwa rangi, maua yakawekwa mapokezi. Wanjiru akaondolewa. Wewe ukaanza kukonda. Nilipouliza, msimamizi mpya alinionyesha kumbukumbu zako kwenye kishikwambi: asubuhi, amekataa, mchana, amekataa. "Ni haki yake kukataa," alisema kwa upole, "nasi tunaiheshimu."

Nikamwamini, Mama. Nikaja chumbani nikakugombeza.

"Kwa nini unasusa chakula?"

Ukanijibu: "Sijasusa. Hakuna aliyenikaribisha."

Jumapili nilikuletea wali, ukaula mkononi mwangu hadi punje ya mwisho. Nikadhani unadeka kwa mwanao. Tulipokwisha kukuzika ndipo nilipoomba kurasa zote za kumbukumbu zako, nikalisoma neno lile lile kutoka juu hadi chini, nikalitambua. Nami nimeliandika. Siku moja tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee ishirini. Mzee mmoja akageuza uso ukutani, nikaandika "amekataa", nikaenda mlango wa pili. Sikurudi kumuuliza.

Wiki iliyopita tumetangaziwa kwamba makao yetu ya Tottenham yamechukuliwa na kampuni ile ile. Maua yamekwisha kufika mapokezi. Jumatatu tutakabidhiwa vishikwambi, na tumekwisha kuonyeshwa jinsi ya kuvitumia. Kuna mahali pa kubonyeza "amekula" na mahali pa kubonyeza "amekataa". Mahali pa "hakulishwa" hakuna.

Katika chumba namba nne yupo bibi ambaye mikono yake inatetemeka, hawezi kufikisha kijiko kinywani. Wanawe wamekaa safu ya pili hapa mbele yangu. Jumatatu asubuhi nitavuta kiti. Lakini Wanjiru naye alivuta kiti, na leo hayupo. Kwa hiyo nawaomba hao wanawe: siku mtakaponiulizia mkaambiwa nimehamishwa, msisubiri Jumapili. Njooni siku hiyo hiyo, mje na sahani.

Pumzika, Mama, na uniachie radhi zako.

Ni mimi binti yako, uliyemlisha kwa mkono wa kulia.