Jina Alilokuja Nalo Baba Mtoto

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za huyu mdogo aliyelala kifuani pangu ninapoandika, mkono mmoja kalamu, mwingine mgongo wake. U hali gani? Magoti yameacha kukusumbua? Na kazi ya kushona mapazia inakwendaje? Sisi huku ni wazima, ila usingizi tumeuaga. Mtoto ananyonya kama aliyeambiwa maziwa yanaisha kesho. Masikio ni ya baba yake, paji la uso ni letu, mimi na wewe.

Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Barua haikatwi katikati. Ukifika mwisho utaelewa.

Shemeji yako unamjua. Fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, akikwambia "mm" ujue leo ameongea. Paka tuliyemfuga alimwita Paka. Sasa mtu huyo huyo, siku niliyojifungua, alisimama miguuni pa kitanda, akakohoa, akasema mtoto aitwe Persefone. Nikadhani ni uchovu wangu. Nikamwomba arudie, akarudia bila kujikwaa, kama mtu aliyelizoea mdomoni.

Hapo ndipo mdudu aliponiingia.

Mama mkwe alipolisikia aliuliza kama hilo ni jina la mtu au dawa ya kikohozi, akasema yeye mjukuu wake atamwita Vijiko Viwili Kutwa Mara Tatu. Mwanawe hakucheka. Nilimuuliza amelitoa wapi, akasema amelisikia mahali. Mahali gani? Mahali tu. Dada, mwanamume akisema "mahali tu," mahali hapo pana mlango, na nyuma ya mlango pana mtu.

Jirani yetu wa chumba cha mbele, yule mpiga pasi, akataka kujua sasa waniite mama nani. Nikamwambia jina bado. Basi akaanza kuniita Mama Nani, na likashika, hata muuza maziwa ananiita hivyo. Ni huyo huyo aliyeniambia, huku akinyoosha kola ya shati, kwamba mwanamume habuni jina, hupewa, na jina la ajabu namna ile lina mwenyewe, tena anayejipaka manukato. Nilimwambia aangalie asiunguze shati la watu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Nilinusa mashati yake yote, nikaambulia grisi. Simu, ambayo zamani aliipokea akiwa amejinyoosha kwenye kochi, sasa anatoka nayo hadi kwenye ngazi. Nikachungulia jina la anayepiga: Fundi Gesi. Jioni moja natundika nepi, namsikia akimweleza huyo Fundi Gesi, kwa sauti laini ambayo mimi sijaisikia tangu anichumbie, kwamba leo mtoto amenyonya vizuri, kitovu kimedondoka, na ameanza kufuata mwanga kwa macho. Jamani, fundi gesi na kitovu cha mwanangu, wapi na wapi?

Alipoingia kuoga nikachukua simu yake, nikampigia huyo Fundi Gesi. Ikapokelewa. Tukabaki tunasikilizana pumzi. Mtoto akalia begani kwangu, na yule mtu akashtuka kama aliyechomwa na sindano, akakata.

Sikulia. Nilimwekea mume wangu chakula, nikaketi mbele yake, nikamwambia kesho ni siku ya kumwandikisha mtoto, na mwanangu habebi jina la hawara. Kama lina asili nyingine, niisikie kabla chakula hakijapoa.

Akaisogeza sahani pembeni, akanisimulia hadithi. Ndefu, dada! Yeye! Kwamba palikuwa na msichana, ndiye huyo Persefone, anachuma maua, ardhi ikapasuka, mfalme wa kuzimu akamchukua. Mama yake akamtafuta kote, mwenge mkononi. Alipomkosa akagoma, asiruhusu kitu chochote kuota, mpaka wakubwa wa mbinguni wakasalimu amri, na binti akaruhusiwa kupanda juu kwa mama yake sehemu ya mwaka, kisha anarudi chini. Na kila anaposhuka, akasema mume wangu, mimea inanuna.

Nikamtazama. Mimea inanuna?

Duniani namjua mtu mmoja tu ambaye kwake vitu hununa. Uzi ukikatika umenuna. Mawingu yakipita bila mvua yamenuna. Nami nikitikisa kichwa ukinisuka, uliniambia nywele zitanuna. Hadithi zote zile za miungu ya Wagiriki ulizozitoa shuleni ulinimalizia kichwani, msuko mmoja hadithi moja. Hii ukaibana.

Hakukana: Fundi Gesi ni wewe. Alisema tumbo langu lilipokuwa kubwa alikuja kukutengenezea jokofu, ukamwambia usichomwambia mtu yeyote: kwamba mwanao, yule tuliyemzika kabla hajalia, alikuwa na jina. Sisi wote tulimwita "mtoto" tu. Ukamwomba jina lisipotee, ukamwapisha nisijue, kwa kuwa unaogopa utaniletea mkosi. Kumbe ndiyo sababu hujaja kumwona huyu. Eti magoti! Magoti, dada?

Kwanza nilikasirika, nisikufiche. Mmenifanya ninuse mashati kama paka jikoni. Kisha nikalia mpaka nikamlowesha mtoto nywele.

Sasa nisikilize, maana nasema haya nikiwa na akili zangu zote. Mwanangu hataitwa Persefone. Jina lile lina mwenyewe, mpiga pasi hakukosea, na mwenyewe ni binti yako. Sitaki wangu akue akiitikia mwito wa mwenzake, wala wako anyang'anywe kitu pekee alichopewa. Kuanzia leo tukimtaja, tutamtaja kwa jina lake. Mama mkwe nimeshamwambia. Dawa ya kikohozi ameiacha.

Ila nilimuuliza shemeji yako, yule mama wa kwenye hadithi, aliyezunguka na mwenge akakataa kutulizwa, yeye aliitwaje? Akaniambia. Hilo ndilo atakalobeba mwanangu, kwa sababu mama yule ni wewe. Siku ya kuandikisha tumeiahirisha. Anangoja mama yake mkubwa ambebe, amwite kwa jina hilo, na huo mkosi uje nao tuutazame vizuri kwenye mwanga.

Yasalimie magoti. Yakinuna, yaje yamenuna hivyo hivyo. Shemeji yako naye anakusalimu, amesema "mm."

Ndimi mdogo wako, wala si Mama Nani tena,

Mama Demetra