Tumemhamisha Mama

Majengo, Thika
14 Machi 1998

Mpendwa kaka Zaid,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Maskati, na kile kifua kimepona? Sisi hapa tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mume wangu Abdulnasir bado yuko kiwandani, na watoto wanakula kama nzige. Lakini moyo wangu, kaka, haujakaa sawa. Keti kwanza ndipo usome.

Mvua hii ya Elinino imetutesa. Mto Chania ulimega ukingo mpaka ukaufikia ua wa makaburi yetu. Ukuta wa mawe haungeshika pale, walisema mafundi walioletwa kuuokoa ukingo, chini ni tope tupu. Basi wakaamua kujenga kwa udongo wetu huu huu mwekundu: tabaka la udongo linashindiliwa, wavu mweusi wa plastiki unatandazwa juu yake, kisha udongo tena. Wee, mimi nilicheka! Wavu uzuie mlima? Lakini injinia, Bwana Kaleli, alinieleza kwamba udongo wenyewe huulalia wavu na kuushika, mradi wavu uingie ndani sana. Na ili uingie, lazima ukingo uchimbwe kwanza.

Ndani sana, kaka. Mpaka kwenye kaburi la mama.

Kaleli ana huruma. Alisema anaweza kuukata wavu uwe mfupi hapo kwa mama tu. Nikamuuliza, na hapo patashika? Akakiri kwamba hawezi kuniahidi. Nyuma ya mama amelala yule mtoto mchanga wa jirani yetu Zubeida. Pakibomoka, ningemtazamaje Zubeida?

Nilikupigia simu kazini kwako, haikuingia. Mawingu yalikuwa yanarudi na ukingo uko wazi. Ndiyo, nilikata shauri peke yangu. Nani mwingine alikuwepo? Sheikh alisema kwa dharura yaruhusiwa.

Mwana mkubwa ndiye hushuka kaburini. Mara ya kwanza hukuwepo, na mara hii pia. Abdulnasir alishuka mahali pako, sisi wanawake tukiwa langoni. Akatoka na mama katika sanda mpya, amembeba mikononi, bila kusaidiwa na mtu. Mama yetu, Zaid, yule aliyebebwa na wanaume kwa zamu! Nililia mpaka sauti ikakauka. Wakamzika upya upande wa juu, mbali na mto.

Ukuta umekwisha. Juzi mvua ilipiga kutwa nzima, haukutikisika. Watu wananishukuru hadi sokoni. Shukrani zao sizitaki mimi, nataka mama yangu aachwe alale.

Abdulnasir anakusalimu sana, na Zubeida pia, ambaye humwombea mama kila siku. Msalimie Ahmad unayekaa naye. Mola akukinge na kila baya, akurudishe kwetu.

Najua uliapa kwamba ukirudi, hata kabla ya kula, utakwenda kumsomea mama Yasini. Tafadhali, kaka, usiende peke yako. Pale nilipokueleza miaka yote sasa pana udongo na wavu tu, na mama hayupo. Pitia nyumbani kwanza, nikupeleke.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Nadira