Mafuta Meupe ya Yaya Ngalula

Yaya Ngalula,

Dada yangu mkubwa, tangu tulipokuvusha mto Lualaba kwenda kukuzika Alunguli, sikuweza kukuandikia. Leo naandika kwa sababu ya jambo ambalo akili yangu ingali inalikataa: mwanao Kapinga haoni vizuri.

Juzi, jua likizama, alikanyaga mbabula, jiko letu la makaa, ikiwaka, kana kwamba haikuwepo uani. Nilipokwisha kumfunga mguu nikamnyooshea mkate. Akapapasa hewa. Hewa, Yaya!

Hospitalini muuguzi hakuanza na macho. "Citoyen," akaniita, yaani raia, kama sote tunavyoitana sasa, "mutoto anakulaka mafuta gani?" Nikajibu: mawese yaliyochemshwa mpaka yakawa meupe, kama marehemu dada yangu alivyotuzoesha. Akaweka kalamu chini.

Nani alikuambia weupe ndio usafi? Uliyachemsha katika sufuria wazi, moshi ukitutoa machozi, mpaka wekundu wote utoweke, na wanawake wa kambi ya reli wakakuiga, wakirudia usemi wako juu ya watu wa pori na watu wa reli: "Mafuta nyekundu njo ya bantu ya pori. Siye tuko bantu ya chemin de fer!" Redio inatuhubiria turudi kwenye asili, tumevua tai, tumeacha majina ya ubatizo, kumbe jikoni tulikuwa tunaiunguza hiyo asili kila wiki!

Nimesoma, Yaya, nimesoma mpaka macho yakaniuma. Ule wekundu ndio ambao mwili huugeuza kuwa vitamini A inayoyalinda macho. Moto na hewa huuharibu. Oksijeni ile ile inayoyala kwa kutu mabehewa yaliyolala stesheni. Sombe, majani ya muhogo yenye vitamini hiyo hiyo, unajua, Kapinga huitema. Kisha ikaja surua, ikamaliza kidogo kilichobaki mwilini. Hoja imekamilika, haina pa kupingwa, na mimi najiona kama mtu aliyeshindwa.

Jicho la kulia litapona kwa dawa, wamesema. La kushoto limeshaota kovu. Halitarudi.

Sasa mawese yanaingia nyumbani mekundu, nayapasha moto kidogo tu, mwenyewe. Nimewaeleza majirani zako pia. Wengine wamenicheka, nami nitawarudia.

Lakini siku Kapinga atakaponiuliza kuhusu jicho lake, nitasema ni surua. Nilibishana nawe juu ya kila kitu, hata bei ya samaki. Kwa hili sitabishana na mtu. Mtoto wako hatalisikia neno la mafuta kinywani mwangu.

Pumzika, Yaya.

Mdogo wako