Mwani wa Kaka Amba

Jumatatu, 8 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimetikisa chupa zote tatu, mara ishirini kila moja. Ya kwanza kijani kama mbaazi mbichi. Ya pili vilevile. Ya tatu bado hafifu, niliigawa juzi kutoka kwenye ya kwanza. Nimezirudisha dirishani sebuleni, pamba mdomoni, pazia nusu ili jua lisizichome.

Huku Uyole baridi inauma masikio. Mama amekwenda sokoni na viazi. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha sita wamekwenda jeshini, kwa mujibu wa sheria. Jina langu halikutoka awamu hii. Nimefurahi, nisidanganye. Nina kazi moja tu: kulea mwani wa kaka Amba.

Ukisema mwani watu hufikiri yale majani ya baharini. Huu hauonekani kwa macho. Kila chembe ni kiumbe kizima, na mpaka ziwe mamilioni ndipo maji yanageuka kijani. Kaka aliutoa kwenye dimbwi la shamba la chumvi huko pwani, anakosomea viumbe wadogo wa baharini. Miguu ilipoanza kuvimba akarudishwa nyumbani. Aliupakata njia nzima, kama mtoto.

Alhamisi, 11 Juni

Baridi imezidi. Mwani ulikuwa umelala chini ya chupa kama matope. Nilizifunga kwa kitenge cha Mama hadi saa tatu, nikatikisa, ukanyanyuka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu sebuleni.

Kaka amepiga simu kutoka wodini alikolazwa. "Profesa, wanangu wameamkaje?" Profesa ndiyo mimi. Salamu hakuna. Mama akaninyang'anya simu: "Figo zako zimegoma, wewe unaulizia maji ya chupa!" Kaka akacheka. Kicheko kilikatika katikati.

Jumapili, 14 Juni

Tulikwenda hospitali baada ya ibada. Uso wa kaka umevimba, mikono imekwisha. Niliangalia shuka ili nisimwangalie yeye.

Kitanda cha jirani kuna mzee wa Ubaruku, mkulima wa mpunga. Alimuuliza kaka anasomea nini. Kaka akamwambia: karibu nusu ya hewa safi unayovuta, babu, inatengenezwa na viumbe wa baharini usioweza kuwaona. Mzee akasema, "Bahari iko wapi na mimi niko wapi? Hewa yangu mimi ni ya Mbarali." Wodi nzima ikacheka. Kaka hakukoma. Hao wadogo wanaliwa na vidudu, vidudu vinaliwa na dagaa, dagaa wanaliwa na jodari. Na bakteria huko chini wanaozesha kila kinachokufa, mbolea inarudi majini, wadogo wanakula tena. Ukiwaondoa hao, alisema, bahari inabaki maji ya chumvi tu. Mzee akamwambia, "Basi na wewe ukipona uje uniozeshee majani yangu shambani." Sijawahi kumwona kaka akiwa na furaha namna ile na huku anaumwa namna ile.

Mama alipotoka kumtafuta nesi, kaka akanishika kiganja, akaniambia. Mbegu ya mwani aliyoiacha chuoni imekufa yote. Vidudu vinavyokula mwani viliingia kwenye matangi. Huu wake si wa kawaida, unajaza mafuta ndani ya chembe zake, na vifaranga wa samaki waliolishwa huo walinenepa kuliko wenzao. Watu wangeweza kufuga samaki kwa huo, hata huku bara. Amelirudia lile dimbwi mara tatu, hakuupata tena.

"Ulioko dirishani ndio wote uliobaki. Mwalimu wangu atatuma mtu mwisho wa mwezi. Wewe uufikishe hapo tu."

Niliitikia kwa kichwa. Nilitaka kusema nitaufikisha.

Jumatano, 17 Juni

Chupa ya tatu imekoza. Nimemtumia kaka picha kwa simu ya Mama. Hajajibu. Nimeogopa siku nzima.

Ijumaa, 19 Juni

Kaka Amba amefariki. Saa nne asubuhi. Miaka ishirini na sita.

Jumatatu, 22 Juni

Tumemzika leo. Watu wamepungua. Naandika ya Jumamosi, kwa sababu nisipoyaandika sasa nitakuja kujidanganya.

Kwetu wafiwa hawagusi kazi. Mnakaa mkekani, na wanawake wengine wanaichukua nyumba yenu kana kwamba ni yao. Wanatoa makochi nje, wanasugua sakafu, wanaosha kila chombo kwa sababu watu watakula. Ni upendo. Nimeuona tangu nikiwa mdogo, nami nimewahi kubeba ndoo kwenye misiba ya wengine.

Akina mama wa kanisani walifika mapema. Mama alikuwa amelaza kichwa mapajani pangu. Mama Lusajo ndiye aliyekuwa anaongoza. Ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ndiye aliyemdaka Mama alipoanguka mlangoni pa wodi Ijumaa. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu, anatoa amri. Akafika dirishani.

"Jamani, tazameni! Maji yameoza mpaka yamekuwa mlenda. Maskini mama wa watu, kuuguza kumemmaliza, hata maji hajapata nguvu ya kumwaga."

Mwenzake akasema, "Chupa nzuri hizo. Tutawekea chumvi na sukari."

Mama Lusajo alizibeba zote tatu kifuani. Alipita mbele yangu. Ningeweza kumshika kanga. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: acha. Au, ni ya kaka. Nilifungua mdomo. Wanawake kama ishirini wamekaa, wote wakubwa kwangu, wengine wakiimba, na mimi ni mtoto mfiwa, nimwambie mtu mzima aliyekuja kunisaidia kwamba anakosea. Nilihesabu hatua zake hadi mlangoni. Nilisikia maji yanamwagika bombani, kisha sauti ya chupa zikisuguliwa kwa mchanga.

Nilifunga mdomo.

Jioni nilikwenda pale bombani. Povu, majani ya chai, punje za wali. Hata rangi haikuwepo. Najua kilichotokea, tulikisoma. Kiumbe wa maji ya chumvi ukimtia kwenye maji yasiyo na chumvi, maji yanaingia ndani yake, anavimba mpaka anapasuka. Kaka naye alikufa amevimba maji. Sitaki kuwaza hivyo lakini nawaza hivyo.

Hakuna aliyeniziba mdomo. Naandika hapa: ni mimi.

Alhamisi, 25 Juni

Mwalimu wa kaka alipiga simu ya Mama. Mama akanipa mimi, hawezi kuongea na watu wa chuo bila kulia. Mzee mwenye sauti ya taratibu. Alinipa pole, akamsifu kaka kwa muda mrefu. Kisha: "Binti, ile mbegu ipo?"

Ningeweza kusema ilikufa tu. Angeamini. Nilikwenda nyuma ya choo, nikasimama.

"Haipo. Wakati wa msiba waliimwaga. Nilikuwepo, niliona, sikusema."

Nilisikia mtu akifunga mlango upande wake.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Pole sana, mwanangu." Akashusha pumzi. "Mimi nilikuwa na friji, majenereta na wanafunzi sita, nayo ikanifia mkononi."

Nilijua ananihurumia. Haikupunguza kitu. Alisema watakwenda tena kwenye yale madimbwi wakati wa kiangazi, lakini alisema hivyo kama mtu anayeaga. Ni mara yangu ya kwanza kuongea na mtu nisiyemjua nikasema yote.

Jumapili, 28 Juni

Wageni wameisha. Amebaki Mama Lusajo. Usiku analala sakafuni kando ya Mama, asubuhi anawasha moto kabla hatujaamka. Viazi vyake vinaozea shambani, anasema viache vioze.

Mchana tulikaa watatu uani, tukichagua mchele. Jua kidogo. Mama alikuwa anatazama nyumba, akauliza ghafla, "Yale maji ya kijani ya Amba yako wapi?"

Mama Lusajo alikuwa ameinamia ungo, anapuliza makapi. Mikono yake imepasuka kwa kuosha vyombo vya watu mia.

"Yalikufa, Mama," nikasema. "Baridi."

Mama akatikisa kichwa. Mama Lusajo akasema baridi ya mwaka huu si mchezo, hata ndama wake imemuua, pole mwanangu. Nikasema, "Ahsante, mama."

Akanisogezea ungo. Tukaendelea kuchagua.